Mkaa, Jiwe Jeusi na Uongo wa Edgar

Jumamosi jioni, Februari. Manundu, Korogwe.

Joto la leo halina adabu. Upepo hakuna, bati la nyumba ya mama bado linatoa fukuto ingawa jua limeshashuka, na mimi nimekaa kitandani na kompyuta mapajani nikiwa na kinyaa ambacho maji ya kuoga yameshindwa kukiondoa.

Nimechefukwa. Niandike hivyo hivyo bila kupamba.

Nimechefukwa na Edgar. Nimechefukwa na viatu vyake vilivyong'aa katikati ya vumbi la Handeni, na kitambaa cheupe alichokuwa akifutia vidole kila akishika jiwe, na namna alivyokuwa akiwaita watu wazima "wazee wangu" kana kwamba amewanunua. Nimechefukwa na kinywa changu pia. Lakini nianze na Edgar, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kule kwa nia mbaya.

Kwa atakayepita hapa bila kunijua: mimi ni mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia, chuo kiko Dar, na wiki hii nimekuja nyumbani kumwona mama. Kazi yangu ni oksidi zenye matabaka. Oksidi ni metali iliyoshikana na oksijeni. Kutu ni mfano ambao kila mtu anaujua. Zipo oksidi ambazo chembe zake zimejipanga tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizorundikwa kwenye sahani. Ninachofanya ni kuotesha utando mwembamba mno wa oksidi ya namna hiyo juu ya fuwele nyingine ambayo nafasi kati ya chembe zake ni kubwa kidogo. Utando unalazimika kujivuta ili ulingane na kilicho chini yake, jinsi unavyolivuta shuka la futi nne lienee godoro la futi tano. Ukivutwa hivyo, au ukibanwa, njia za elektroni ndani yake hubadilika. Kitu kilichokuwa kikizuia umeme kinaweza kuanza kuupitisha, na kilichokuwa kikipitisha kinaweza kugoma.

Naipenda kazi hii. Kuna siku nimesahau kula kwa sababu ya mstari mmoja kwenye grafu.

Leo nimeiona imevalishwa suti na kupelekwa kuwanyang'anya watu maji.

Jumatano Naserian alinipigia simu. Naserian tulikaa dawati moja shule ya msingi, huko Handeni, wakati marehemu baba akifundisha kule. Mimi nilikwenda na masomo, yeye akaolewa kwenye boma la wafugaji, ana watoto na ng'ombe na kauli fupi zile zile za utotoni. Hakunisalimia hata kwa kirefu.

"Fausta, kuna mtu amekuja na mashine. Anasema mawe yetu yana umeme, anataka tumpe bonde. Wewe umesomea hayo. Njoo umtazame, uniambie kama anatudanganya."

Nikamwambia nitakuja. Nilijisikia vizuri sana kuitwa, nisiseme uongo. Miaka yote hii ninasoma, ndugu na jamaa wananiuliza hiyo oksidi inaliwa au inapakwa, na hatimaye mtu ananihitaji kwa ajili yake.

Bonde lenyewe ndilo lenye kisima. Kiangazi kikikaza, mifugo ya maboma yote ya upande ule hunywa pale, na wanawake huchota pale pale. Mvua zikichelewa hakuna pengine pa kukimbilia pasipo na ugomvi. Kwa hiyo anayeomba bonde anaomba maji, hata asipoyataja. Na kweli hakuyataja.

Sisi watu wa huku tumeshaona wawekezaji wa kila aina tangu nchi ifungue milango. Mashamba ya mkonge yalipoanza kuuzwa walikuja wenye mitaji na walikuja wenye mikoba mitupu, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wengine wamefanya kazi kweli na watu wamepata ajira. Wengine wameweka mabango, wakazungushia waya, wakapotea na waya ukabaki. Siku hizi mtu akitamka tu kwamba ni mwekezaji, viti vinatafutwa.

Leo asubuhi nikapanda basi la Handeni, Naserian akanipokea barabarani, tukatembea mpaka kwenye mkutano. Kijiji sikitaji. Njiani tulipita pembeni mwa bonde lile na akanionyesha mahali mawe meusi yanapookotwa. Ni kule juu kwenye korongo, kwenye mteremko mkavu usioota hata nyasi za mbuzi. Chini kabisa, mbali, ndiko kilipo kisima. Niliona. Ninasisitiza kwamba niliona kwa macho yangu haya, na baadaye sikusema.

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Wakulima upande mmoja, wafugaji na mashuka yao upande wa pili, na katikati meza yenye kitambaa cha maua. Nyuma ya ofisi akina mama walikuwa wakipika pilau ya mgeni, na kreti za soda zilishafunguliwa. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene mwenye furaha ya kupitiliza, akanipa soda mkononi kabla sijajua ni ya nani. Nikainywa. Ilikuwa ya Edgar. Hata hiyo inanichefua.

Nilipomwona huyo mwekezaji ndipo nilipoduwaa. Tulisoma wote shahada ya kwanza! Edgar aliachana na fizikia akisema haina chakula, akaingia kwenye biashara, leo ya magari, kesho ya mbolea, keshokutwa sijui ya nini. Mwaka jana alikuja chuoni nilipokuwa nawasilisha utafiti wangu, akakaa safu ya mbele, akauliza maswali mazuri. Nilifurahi siku ile. Nilidhani kiu ya elimu imemrudia.

Aliponiona alitabasamu kama bwana harusi. "Na leo tuna bahati, wazee wangu! Dada yangu Fausta, mtaalamu wa mambo haya haya, yupo nasi." Mwenyekiti akapiga makofi. Nikawa nimeshaingizwa upande wake kabla sijafungua mdomo.

Kisha akatoa jiwe. Jeusi, linaloacha masizi vidoleni, linabanduka matabaka ukilikwangua kwa ukucha. Kwa kulitazama nilihisi ni manganizi, oksidi yake, jamaa wa ule unga mweusi ulio ndani ya betri za tochi. Si ajabu kulikuta. Akaliweka kwenye jiliwa, lile la mafundi seremala la kubania mbao, akachomeka waya mbili kati ya meno ya jiliwa na jiwe, huku amekinga meno yenyewe kwa vipande vya raba. Waya zikaenda kwenye mita ya mafundi umeme, ya mshale. Mshale ukasogea kidogo tu. Akaanza kukaza. Kadiri alivyokaza, mshale ukapanda, ukapanda, mpaka ukalala upande wa pili. Watu wakaguna.

"Mnaona? Jiwe likibanwa, linatoa umeme. Sasa fikirini milima imelibana humo ardhini tangu dunia iumbwe." Halafu akaweka mkono kifuani na kusema, "Ukivuta tabaka, unabadilisha tabia."

Hiyo sentensi ni yangu.

Niliitunga mimi, niliisema mbele yake, na aliiandika kwenye kikaratasi nikimwona. Kuisikia ikitoka kwenye mdomo ule, mbele ya wamama walioacha kuchota maji ili waje kumsikiliza, ilinifanya niisukume mbali chupa ya soda yake.

Nikasimama. Nilimwamkia mwenyekiti upya, nikaomba ruhusa, nikaenda jikoni nyuma ya ofisi nikaomba mkaa. Akina mama wakacheka, wakadhani nataka kuwasha pasi. Nikarudi na vipande kwenye kiganja. Nikatoa jiwe la Edgar, nikaweka mkaa kwenye jiliwa na waya zile zile. Kipande cha kwanza hakikupitisha kitu, mshale ukalala pale pale, na vijana nyuma wakaanza kunizomea chini chini. Nikakitupa. Kipande cha pili kilikuwa kimeiva vizuri, na nilipokaza, mshale ukapanda haraka kuliko ulivyopanda kwa jiwe, ukalala upande wa pili.

Basi pakalipuka kicheko. Mzee mmoja wa upande wa wakulima akapiga kelele, "Kumbe mke wangu anapikia umeme!"

Nikawaeleza. Nikasema kwamba umeme ule unatoka kwenye betri iliyo ndani ya mita yenyewe, jiwe halizai kitu. Nikasema kwamba ukikaza, unachofanya ni kuzikandamiza waya zishike vizuri, na zikishika vizuri umeme unapita vizuri, uwe umeweka jiwe, mkaa au msumari. Nikasema sisi maabara tunatumia waya nne, sio mbili, kwa sababu hiyo hiyo, ili tupime kitu chenyewe na sio mguso wa waya. Watu walinielewa. Niliona nyuso zikinielewa. Naserian alikuwa amekaa na mtoto mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anatabasamu.

Akasimama, akauliza mbele ya wote, "Kwa hiyo huyu mtu anatudanganya?"

Nikavuta pumzi nijibu. Edgar akaniwahi.

Hakukasirika hata kidogo. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi, ule utulivu. Akasema kwa upole kwamba anakubali, kifaa chake ni cha kienyeji, na anamshukuru dada yake kwa kumsahihisha. Ila naye ana swali dogo kwa mtaalamu, kwa faida ya wananchi.

"Jiwe hili lina matabaka, ndiyo au siyo?"

"Lina matabaka."

"Ni oksidi?"

"Inaelekea ni oksidi, mpaka lipimwe."

"Na oksidi ya matabaka ikibanwa au ikivutwa, tabia yake ya umeme inabadilika au haibadiliki?"

Na mimi, msomi wa watu, nikajibu. Nikasema inabadilika, lakini inategemea. Nikasema inategemea ni oksidi gani, inategemea imevutwa kiasi gani, kwamba kwenye utando mwembamba ulioandaliwa kwa makini mabadiliko yanaweza kuwa makubwa ila kwenye jiwe la porini lenye nyufa na uchafu yatakuwa madogo sana, pengine yasipimike, na hata yakipimika hayana uhusiano na kuzalisha umeme, ingawa kuna baadhi ya vitu ambavyo kwa kweli...

Nilisema "ingawa." Mungu wangu. Nimesimama mbele ya mwizi wa mchana, watu wanasubiri neno moja, na mimi natoa "ingawa."

Hakuna aliyenisikia baada ya "inabadilika." Edgar aligeuka, akafungua mikono yake miwili. "Mmesikia wenyewe. Mtaalamu kathibitisha." Makofi yakaanza upande wa wakulima, ambao bonde si lao na kisima si chao, kisha mwenyekiti, kisha hata baadhi ya wafugaji wenyewe. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Sista kachemka!" Nikajaribu kusema tena. Mwenyekiti akaniinulia kiganja kwa heshima zote, akasema, "Ahsante sana binti yetu, umetuangazia." Pilau ikaanza kupakuliwa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila nilichokisema kilikuwa kweli, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Nimekipitia chote kwenye basi wakati wa kurudi na sijapata kosa. Edgar hakuhitaji kusema uongo wowote zaidi baada ya hapo, aliuchukua ukweli wangu akausimika getini kama mlinzi.

Walinyoosha mikono kukubali apewe bonde, ingawa kwa awali tu. Bahati pekee ni kwamba wazee wa maboma ya juu hawakuwepo, walikuwa wameenda mnadani, kwa hiyo mwenyekiti akasema kesho baada ya ibada watakaa tena, wazee wale wasikie, ndipo muhtasari utiwe saini. Edgar hakupenda. Alisema ratiba yake imebana. Lakini alikubali, na akaagiza soda nyingine.

Naserian alinisindikiza barabarani. Alitangulia, mtoto mgongoni, fimbo mkononi. Njia nzima nilikuwa naongea mimi. Nikamweleza tofauti ya utando na jiwe. Nikamweleza kwa nini mwanasayansi hawezi kusema "haibadiliki" wakati inabadilika, kwamba ningefanya hivyo ningekuwa mwongo kama Edgar. Nilikuwa naongea kama redio.

Tulipofika kituoni akaniangalia.

"Mimi nilikuuliza kama yule mtu anatudanganya. Wewe ukatujibu habari za jiwe."

"Naserian, aliuliza swali la..."

"Aliuliza yeye. Mimi nilikuuliza kabla yake. Umemjibu yeye, mimi hukunijibu." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Jiwe liko korongoni, Fausta. Anataka bonde. Uliona mwenyewe."

Basi likaja nikapanda. Sikumuaga vizuri.

Nimefika nyumbani mama ameniwekea ugali na mchicha, sikugusa. Ameniuliza Handeni kuna nini, nikamwambia kuna joto. Ameguna tu, kwa sababu hata Korogwe kuna joto.

Sasa nimekaa hapa najiuliza. Nimefundishwa kwamba ukiulizwa swali unajibu swali, na kama jibu lina kona saba unazitaja kona zote saba, hata kama anayeuliza ameshika shoka. Hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu, na ninaiamini hata sasa. Siwezi kwenda kesho nikasema oksidi haibadiliki ikivutwa. Sitasema hivyo hata kisima kikienda. Lakini nani aliniambia kwamba ni lazima nijibu maswali kwa mpangilio anaoutaka Edgar? Swali la Naserian lilikuwa la kwanza. Lilikuwa na jibu la neno moja. Nilikuwa nalijua tangu mshale ulipopanda, na nililijua zaidi nilipokumbuka korongo. Nililiruka kwa sababu lile la Edgar lilikuwa la fani yangu, na lilinipa nafasi ya kuonekana ninajua.

Hapo ndipo kinyaa kinaponirudia mimi mwenyewe, na hakuna sabuni yake.

Basi la kwanza la kwenda Handeni linaondoka alfajiri, nitalipanda. Sitabeba waya wala mkaa. Nitaomba kusema mapema, kabla ya soda, na nitawaelekea wale wazee wa maboma ya juu na akina mama wa kisima. Edgar akiniuliza habari za oksidi nitamwambia aje chuoni, milango iko wazi, kama alivyokuja mwaka jana. Huko ndiko zinakojadiliwa.

Tatizo ni sentensi yenyewe. Nimejaribu kuisema hapa chumbani kwa sauti na ninaona aibu kuandika jinsi ilivyo ngumu.

"Edgar anawadanganya, kwa kuwa vipimo vyake havikuzingatia..."

Hapana.

"Kwa kadiri nilivyoona, Edgar anawadanganya, ingawa..."

Hapana!

"Edgar anawadanganya. Mawe yako korongoni, na yeye anataka kisima."

Mama amegonga ukuta. "Wee Fausta, unagombana na nani humo ndani?"

Na mimi mwenyewe, mama. Kesho nitagombana na anayestahili.